Mkataba mpya umekuja kitabu kikiwa katikati: niondoke lini?

Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa Dar es Salaam. Jina lake tumelihifadhi kama alivyoomba.

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33. Naishi Kimara na mume wangu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu. Mwandishi akishamaliza muswada na mhariri akaupitia, mimi ndiye ninayeupa sura ya kitabu: naweka picha, michoro, vichwa na namba za kurasa, hadi faili linapokwenda kiwandani kuchapwa.

Ni frilansa. Kwa miaka mitatu sasa mteja wangu mkubwa, na kusema kweli ndiye pekee, ni kampuni moja ya uchapishaji wa vitabu vya shule. Tunaandikishana mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na huu wa sasa unaisha tarehe 31 Desemba. Ni shilingi 1,400,000 kwa mwezi. Wakikata kodi ya zuio ya asilimia 5, mkononi inabaki 1,330,000. Ingawa tunasema mimi ni mtu wa nje, Jumatatu hadi Alhamisi naenda ofisini kwao, natumia kompyuta yao na programu ya kupangia kurasa wanalipia wao. Ijumaa nafanyia nyumbani.

Shida ya pale ni malipo. Ankara ya Julai na ya Agosti sijalipwa mpaka leo ninapokuandikia, tarehe 15 Septemba. Nikienda uhasibu naambiwa shule bado hazijalipa, nivute subira. Mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo, wakaja kulipa kwa mkupuo mwishoni mwa Novemba. Hata mkataba huwa unachelewa. Mwaka huu nimefanya kazi Januari nzima bila karatasi yoyote.

Sasa kuna kampuni ya matangazo, ofisi zake ziko Masaki. Waliona ripoti moja niliyompangia rafiki yangu, wakanitafuta. Wananipa mkataba wa miezi sita, dola 900 kwa mwezi, na wao wenyewe wamenipigia hesabu kuwa ni kama shilingi 2,200,000. Kazi ni kupanga ripoti za mwaka za mashirika, vipeperushi na mabango. Nitatumia laptopu yangu, nitakwenda ofisini siku mbili kwa wiki. Watanilipa siku 45 baada ya kupokea ankara. Kuna kipengele kinasema katika hiyo miezi sita sitafanya kazi ya mteja mwingine bila idhini yao ya maandishi. Wanataka nianze tarehe 1 Oktoba, na jibu wanalitaka Ijumaa ya wiki ijayo.

Anti, kinachonitesa si hesabu. Pale kwenye vitabu kuna mhariri mkuu, mtu mzima, wote tunamwita Mama. Yeye ndiye aliyenipa kazi mwaka ambao baba yangu alikuwa amelazwa Muhimbili na mimi sijawahi kupanga hata kitabu kimoja. Jioni wenzake wakiondoka alikuwa anabaki na mimi, ananionyesha kwa nini mstari mmoja wa aya hauachwi peke yake juu ya ukurasa. Baba alipofariki alikuja mpaka Korogwe kwenye msiba.

Sasa tuko kwenye kitabu cha ziada cha Sayansi, darasa la nne. Marekebisho kutoka Taasisi ya Elimu yamesharudi na tumefika sura ya saba kati ya kumi na moja. Jana nimeshinda na mchoro wa ua tu. Mtu alibadilisha ukubwa wa picha, mishale yote ikahama, neno "chavua" likaangukia kwenye shina na "petali" ikawa inaelekeza kwenye hewa. Mama aliuzungushia penseli mara mbili, akaandika pembeni: "Mtoto atajibu hivi hivi kwenye mtihani." Faili linatakiwa kiwandani katikati ya Novemba ili kitabu kiwe madukani shule zikifunguliwa Januari. Nikiondoka Oktoba, pale ofisini hakuna anayelijua faili lile kama ninavyolijua mimi.

Mume wangu anasema niende, hawa wananinyonya. Mama yangu mzazi anasema usiache mbachao kwa msala upitao. Rafiki yangu mmoja anasema nichukue zote mbili, mchana Masaki, usiku vitabu. Mwingine anasema nizuie mafaili mpaka wanilipe ndipo niondoke. Novemba natakiwa kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita, 1,500,000, na Januari mtoto mkubwa anadaiwa ada. Mkataba wangu wa sasa unasema upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya siku 30.

Naogopa kuonekana sina fadhila. Naogopa pia kukaa pale mwaka hadi mwaka nikidai jasho langu. Niondoke sasa au nisubiri? Na nikiondoka, nitamwambiaje Mama?

Mpanga kurasa, Kimara

JIBU

Marahaba, mwanangu. Jibu hili nimekutumia wewe kwanza kabla ya kulichapa, kwa sababu Ijumaa uliyopewa iko karibu.

Pole kwa kuandika barua ndefu hivyo baada ya siku nzima ya kurudisha mishale mahali pake. Nimeisoma nikaona mtu anayeipenda kazi yake, na hilo nataka ulijue kabla sijasema mengine. Mahali popote utakapokuwa mwakani, utakwenda na macho hayo yanayoona kwamba "chavua" imekaa kwenye shina.

Umeniambia kinachokutesa si hesabu. Nakuamini. Lakini nadhani hesabu haijapigwa yote, na ile sehemu iliyobaki ndiyo inayofanya suala la Mama likuelemee kuliko linavyostahili. Niruhusu nianze na tarehe.

Mkataba wako unataka notisi ya siku 30. Hata kama ungeiandika siku ile ile uliyoniandikia mimi, zingeisha tarehe 15 Oktoba. Kwa hiyo 1 Oktoba haiwezekani, isipokuwa kampuni ya vitabu ikubali kwa maandishi kukuachia mapema. Ukiondoka tu, umevunja mkataba, na Sheria ya Mikataba inampa aliyevunjiwa haki ya kudai fidia ya hasara aliyopata. Mchapishaji akikosa msimu wa Januari, hasara yake inahesabika. Sisemi watakushtaki. Nasema wewe, unayewadai miezi miwili, usiwape na wao cha kukudai.

Hapo swali uliloletewa linabadilika. Hao wa Masaki wamekuuliza kama unaweza kuanza tarehe 1. Je, umewauliza kama wanaweza kukusubiri? Barua yako haisemi. Umeichukua tarehe yao kama amri, na mara nyingi tarehe ya kuanza ni mtu mmoja tu ofisini aliyependekeza mwanzo wa mwezi kwa kuwa ni mwanzo wa mwezi. Anayetafuta mpanga kurasa mzuri anajua kuwa mzuri huwa ana kazi mahali. Na wewe ukiwaambia, "Nina notisi ya siku 30 na sipendi kuivunja," unawaonyesha pia utakavyoondoka kwao siku ikifika. Wapo watakaokataa, hilo lipo. Labda wana ripoti ya kutoa Oktoba na hawawezi kungoja. Afadhali ulijue hilo kabla ya Ijumaa, wakati bado hujampa mtu yeyote notisi.

Sasa pesa. Tofauti ya mkononi, ikiwa hiyo 2,200,000 itakatwa kodi ya zuio asilimia 5 kama huku, ni 760,000 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni zaidi ya milioni nne na nusu. Si kidogo, na mume wako ana haki ya kuiona. Lakini angalia pesa ya kwanza inaingia lini. Ukianza 1 Novemba, ankara yako ya kwanza utaipeleka mwisho wa Novemba. Ongeza siku 45 unafika tarehe 14 Januari, na hapo wawe wamelipa siku yenyewe. Katikati kuna kodi ya nyumba, kuna Krismasi, na ada inakugongea mlango. Ungeanza 1 Oktoba ungesubiri hadi tarehe 15 Desemba. Ukianza Januari, baada ya mkataba huu kuisha, ni tarehe 17 Machi.

Nani atakulisha katika kipindi hicho? Ukitazama vizuri, ni kampuni ya vitabu, kwa pesa za nyuma. Ukimaliza Oktoba pale bila kulipwa utakuwa unawadai miezi minne, 5,320,000 baada ya kodi. Wakilipa mwishoni mwa Novemba kama mwaka jana, utavuka vizuri sana. Wasipolipa, utakuwa huna cha zamani wala kipya. Kwa hiyo daraja la kukuvusha linashikwa na mtu yule yule unayemwacha, na hili ndilo ningependa wewe na mume wako mkae mlizungumze jioni moja, mkiwa na karatasi. Mshahara wake peke yake unaweza kubeba nini kuanzia Novemba hadi katikati ya Januari? Mwenye nyumba anaweza kupokea miezi mitatu kwanza? Mkiona mnaweza kuvuka hata kama hakuna anayelipa, una uhuru wa kuondoka mapema. Mkiona hamuwezi, kusubiri kidogo hakutakuwa woga.

Kuna mambo ndani ya ule mkataba mpya ambayo bado unaweza kuyaomba kabla hujasaini. Siku 45 zinaweza kuwa 30, au wakakupa malipo ya awali ya mwezi wa kwanza. Programu ya kupangia kurasa, ambayo hapo ulipo hulipii, watalipia wao au wewe? Ikiwa ni wewe, pamoja na bando, pamoja na nauli ya mwendokasi hadi Morocco na daladala ya Masaki, ile 760,000 inapungua. Laptopu yako inaweza kufungua ripoti ya kurasa mia moja yenye picha nzito bila kuzima? Bima ya afya naamini unayo kupitia kwa mume wako, maana mtumishi wa serikali akiwa NHIF mwenzi wake anaingia, kwa hiyo hapo tulia. Uzeeni huna kitu bado, na hilo ni kweli kwa mikataba yote miwili. Uliza NSSF kuhusu uchangiaji wa hiari.

Halafu hizo dola. Kama anayekulipa ni kampuni iliyosajiliwa hapa na kazi inafanyika hapa, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza Machi 2025 zinataka bei ya huduma itajwe na kulipwa kwa shilingi. Waombe waandike kiasi cha shilingi. Shilingi imekuwa ikipanda na kushuka dhidi ya dola, na wewe hupangi bajeti ya nyumba kwa dola. Wakikuandikia 2,200,000 utajua unachosaini. Kila ukikatwa kodi ya zuio, kwa mteja yeyote, dai cheti chake ukihifadhi, kwani ndicho kinachoonyesha TRA kuwa kodi hiyo ilishatoka kwako. Ningependa kujua kama hawa wa vitabu wamekuwa wakikupa.

Nirudi kwenye sentensi moja uliyoiandika kwa kupita. Umesema mnasema wewe ni mtu wa nje, kisha ukaeleza siku nne ofisini kwao, kompyuta yao, programu yao, na kwamba huna mteja mwingine. Mwanangu, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ina kipengele kinachotazama hali halisi kuliko jina lililoandikwa juu ya mkataba. Kati ya vigezo vyake ni kama mtu amemfanyia kazi huyo mmoja wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kama anapewa vitendea kazi, kama anamtegemea huyo mmoja kwa kipato, kama hana mwingine anayemfanyia kazi. Kigezo kimoja tu kikiwepo, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Wewe unavyo kadhaa. Na mwajiriwa ana likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, ana michango ya hifadhi ya jamii, na ana pa kupeleka madai yake, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Sikuambii hivi ili ukimbilie CMA kesho. Kufungua shauri dhidi ya watu unaotaka wakulipe kwa amani Novemba kuna gharama yake, na katika kazi ya vitabu watu ni wale wale. Mwingine atakayekuajiri mwakani huenda alisoma na mhasibu wao. Lakini nataka uende kwenye mazungumzo ukijua umesimama wapi. Jua pia kuwa muda unahesabiwa: madai yasiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na ankara ya Julai imeshaanza kuzeeka. Nenda na nakala ya mkataba na ankara zako kwa mtu wa sheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, wana huduma ya msaada wa sheria bila malipo hapo hapo Dar, na WLAC, kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake, nao wanasaidia. Asubuhi moja tu inatosha kujua kama ulicho nacho ni ajira au huduma.

Marafiki zako nimewasikia, na wanakupenda. Ila hilo la kuzuia mafaili linanitia hofu. Soma mkataba wako unasema kazi ni ya nani. Ikiwa umeandikwa kuwa kila unachokipanga ni mali ya kampuni, na hiyo ndiyo kawaida, kuficha faili kunakugeuza wewe mwenye kudai kuwa mwenye kosa. Na fikiria ni nani atakayeumia kwanza: si mhasibu, ni Mama na kitabu chake. Kuna njia nyingine ya kulinda pesa yako, nayo ni kuiweka kwenye karatasi ungali ndani. Kabla ya notisi au siku ile ile ya notisi, waandikie ukitaja ankara ya Julai, ya Agosti na zinazofuata, uombe tarehe ya kulipwa kila moja, na mtu mwenye mamlaka asaini. Ahadi ya mdomo ya uhasibu imeshakuonyesha thamani yake.

Kuhusu kufanya zote mbili, mchana na usiku: kile kipengele cha kutofanya kazi ya mteja mwingine kinakufunga. Ukisaini kisha ukaendelea na vitabu kimya kimya, unaanza na watu wapya kwa siri, na siri ya Dar haikai. Lakini kipengele hicho hicho kinasema "bila idhini". Kwa hiyo idhini inaweza kuombwa. Ungeweza kuwaambia kuna kitabu kimoja, kinaisha katikati ya Novemba, naomba jioni na Jumamosi nikimalizie. Wakikubali waandike. Kisha jiulize kwa ukweli kama mwili wako unaweza. Una watoto wawili, na kosa la mshale mmoja saa sita usiku linakwenda kwa watoto wa shule nchi nzima. Kwa wiki sita mtu anaweza kuvumilia. Kwa miezi sita sidhani.

Kubaki nako kuna sura yake. Mama yako mzazi hajakosea, ila naona huo mbachao wenyewe unaisha tarehe 31 Desemba, na Januari iliyopita uliukalia bila karatasi. Mkataba wa miezi sita unauona mfupi, lakini kuanzia leo huo wa zamani una miezi mitatu na nusu. Ukiamua kubaki, basi kuwepo kwa mkataba mpya mezani ndiyo nafasi yako ya kuomba unachokitaka: malipo ndani ya siku 30, mkataba wa mwakani usainiwe kabla ya Krismasi, na kiwango kipandishwe. Hatari yake ni kwamba wakubali kwa haraka ili usiondoke katikati ya kitabu, kisha Februari uhasibu ukuambie tena shule hazijalipa. Shule kuchelewa kulipa ni kweli, si uongo wa mhasibu. Biashara ya vitabu inaishi kwa msimu. Swali ni kama ni haki msimu huo ubebwe na wewe mwenye kiwango cha 1,400,000. Mimi moyoni naona si haki. Lakini wapo wanaoishi nao kwa kuwa kazi wanaipenda, na nimekusoma ukieleza mchoro wa ua kwa mistari mingi kuliko ulivyoieleza ofisi ya Masaki. Mabango na vipeperushi vitakupa nini katika saa ambazo leo unazitumia kwa Sayansi ya darasa la nne? Hilo hujalijibu, na hakuna anayeweza kulijibu kwa niaba yako.

Sasa Mama. Umeandika kana kwamba Mama na kampuni ni kitu kimoja. Aliyekaa nawe jioni, aliyekuja Korogwe, ni yeye. Anayechelewesha ankara ni ofisi. Fadhila yake wewe unamlipa yeye, na naona umekuwa ukimlipa miaka yote mitatu kwa kazi safi. Kwa mkataba, wewe unaidai kampuni na kampuni inakudai wewe, na hayo yana tarehe na saini. Nina swali, na nakuomba usilikwepe: Mama anajua kwamba hujalipwa tangu Julai? Mhariri mkuu si lazima aone vitabu vya uhasibu. Huenda anaamini unalipwa kila mwisho wa mwezi. Huenda pia anajua, anaona aibu kukutazama usoni, na angefurahi ungelisema. Umekuwa ukimlinda asiumie, na katika kumlinda umemnyima nafasi ya kukusimamia.

Umesema pia hakuna mwingine anayelijua faili. Leo ni kweli. Lakini kulijua faili ni jambo linaloweza kuandikwa: fonti zipi zimetumika na ziko wapi, mitindo ya vichwa umeiitaje, picha asili ziko folda gani, sura zipi zimepita prufu (nakala ya kusahihishia) ya pili, michoro ipi inahama mtu akigusa ukubwa wake. Ukikaa na mpanga kurasa mwingine wiki mbili huku karatasi hiyo ikiwa mezani, sura ya nane hadi ya kumi na moja zinaweza kuendelea bila wewe. Hazitakuwa kama ungezifanya wewe, nakubali. Au unaweza kuomba kubaki hadi faili liende kiwandani, Masaki uwaombe mwanzo wa Desemba, ukijua kuwa hapo ankara yako ya kwanza italipwa katikati ya Februari. Au ukae hadi mkataba uishe wenyewe, bila kumvunjia mtu yeyote, ukikubali kuwa huenda hao wa Masaki watakuwa wameshampata mwingine. Kila mlango kati ya hii una kitu unachokiacha nje, na wewe ndiye unayejua kipi utaweza kulala usingizi bila nacho.

Ukizungumza na Mama, usimwambie kwenye korido wala kwa ujumbe wa simu. Ngoja prufu ya sura ya saba ikirudi ikiwa safi, kisha umwombe nusu saa baada ya kazi, kama yeye alivyokupa nyingi. Mwambie umepata kazi nyingine, bado hujajibu, na umetaka alisikie kwako kabla ya yeyote. Mwambie alichokufanyia. Kisha mweleze ankara za Julai na Agosti kama ulivyonieleza mimi, bila kumpunguzia, na usikilize atakavyojibu kabla hujawapa Masaki tarehe.